Niliambiwa Hakuna

Malaba
19 Januari 2025

Mpendwa Baba,

Nakusalimu, mulembe. Nimefika, nimefanya kazi siku sita, na leo Jumapili ndiyo nimepata nafasi ya kukaa chini. Ningekupigia, lakini najua masikio yako yamekataa simu, na ujumbe nikiutuma ni mdogo wangu Quinton atakayekusomea kwa sauti mpaka majirani waitikie. Basi nitaandika. Phanuel wa duka la mbegu amekubali kubeba barua kila wiki anapokuja huku kuchukua mzigo.

Chumba changu kiko nyuma ya duka la vipuri. Foleni ya malori inaanzia mpakani na kupita mbele ya lango la Hospitali ya Mtakatifu Anselmi, ndipo ninapofanyia mwaka wangu wa uanagenzi. Wagonjwa wetu ni wa kila namna: madereva wenye migongo mibovu, wakulima, kina mama wa soko, watu wa ng'ambo ya mpaka. Wengi huzungumza Kiteso. Mimi Msamia wa Funyula nasimama katikati yao na koti jeupe, sijui hata kuuliza mtu anaumwa wapi.

Nikuambie la aibu mapema, usije ukalisikia kwingine. Siku ya pili nilishindwa kupata mshipa wa mzee mmoja. Nilimchoma mara nne. Nilipokuwa natafuta pa kuchoma mara ya tano, nesi wa wodi yetu, Sista Amoit, akanishika kiwiko akasema naitwa upande wa pili. Hakuna aliyekuwa akiniita. Alirudi peke yake, akaupata ule mshipa mara moja, na hakumwambia mtu. Mchana alinikalisha kwenye chumba cha dawa, akanipa mkono wake mwenyewe, akaniambia nijifunze hapo.

Ana miaka kumi na tisa katika wodi ile. Tukiwa wawili huniita mwanangu. Mbele za watu huniita daktari. Amenifundisha kusalimia Kiteso, na kila asubuhi ananijaribu. Mkubwa wetu ni Daktari Okurut, mtu wa maneno machache, anayeuliza maswali kama aliyepoteza kitu na anashuku ni wewe umekificha.

Msalimie Mama.

Binti yako,
Brendah Nasambu


Funyula
27 Januari 2025

Binti yangu Nasambu,

Barua yako nimeisoma mara tatu: moja yangu, moja ya mama yako, na moja kwa sababu ilikuwa tamu.

Hiyo ya mshipa isikuumize. Mimi nilikuwa tabibu wa zahanati miaka thelathini na mmoja, na mwaka wangu wa kwanza nilishona jeraha la mtu pamoja na kipande cha glovu yangu. Alirudi kunionyesha. Mshike sana huyo Amoit. Daktari ana cheti, lakini nesi ndiye anayemjua mgonjwa.

Jana kanisani mwinjilisti aliniomba nisimame. Akatangaza kwamba mtoto wa Mzee Methuselah Oduori sasa ni daktari kamili huko Malaba. Nilitaka kusema bado ni mwanagenzi, lakini watu walishaanza kupiga makofi, nami sikuwasikia vizuri, nikaona mikono tu. Nilikaa chini macho yakiwa na maji. Miaka yote ile madaktari walikuja zahanati yangu kwa gari, wakakagua daftari langu, wakaondoka. Sasa daktari anatoka nyumbani kwangu.

Kula vizuri.

Baba yako,
Methuselah Oduori


Malaba
2 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Kazi imekuwa nyingi na sina habari kubwa.

Kulikuwa na kisa kidogo wodini wiki mbili zilizopita. Mgonjwa mmoja alipewa penisilini na mwili wake ukaikataa. Alipona, yuko kwake. Kulikuwa na kikao. Kwenye fomu yake palipaswa kuandikwa kama kuna dawa inayomdhuru, na mimi niliambiwa hakuna. Nesi mmoja amehamishwa kutoka wodini kwa sababu hiyo. Mambo kama haya hutokea hospitalini, wewe unajua.

Hali ya hewa ni joto. Nashukuru kwa ndizi ulizotuma.

Tafadhali mwombe mwinjilisti asinitaje tena kanisani.

Binti yako,
Brendah


Funyula
10 Machi 2025

Binti yangu,

Barua yako ni fupi mno, nayo imenisumbua kuliko ile ndefu.

Umeandika "niliambiwa hakuna." Uliambiwa na nani? Nimeandika maelfu ya mafaili, na kila nilipoandika "niliambiwa," niliandika na jina la aliyeniambia: mgonjwa mwenyewe, mkewe, mwanawe. Ni mgonjwa aliyekuambia? Ni huyo nesi?

Halafu Amoit yuko wapi? Katika barua ya kwanza alijaza ukurasa. Katika hii hayumo kabisa. Kuna nesi asiye na jina aliyehamishwa. Mama yako anasema nimezeeka na natafuta makosa. Nijibu tu, niambie kwamba mama yako hakukosea.

Baba yako,
M. Oduori


Malaba
16 Machi 2025

Baba,

Mama amekosea. Nitakuambia yote kama yalivyokuwa, na naomba uisome hii peke yako.

Ilikuwa tarehe kumi na nane Februari, saa tano asubuhi. Mgonjwa alikuwa mama anayeuza nyanya sokoni hapa, anaitwa Mama Alinga. Alikuja na kidonda cha mguu kilichooza, homa kali. Nilikuwa na wengine kumi na watatu wa kuona kabla Daktari Okurut hajapita, na nilikuwa nimechoka kuonekana mzito. Nilimwandikia penisilini ya mshipa. Pale pa kujaza dawa zinazomdhuru nilipaacha wazi, nikisema nitarudi.

Sista Amoit alikuja na sindano mkononi. Aliona pale pako wazi, akaniuliza, "Daktari, umemuuliza kama kuna dawa inayomdhuru?"

Nikasema, "Nimeuliza. Hakuna."

Sikuwa nimeuliza, Baba. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Kulikuwa na wanafunzi wawili wamesimama pale, na sikutaka waone nimekumbushwa na nesi.

Hazikupita dakika tano. Midomo ikamvimba, ngozi ikatoka vipele vikubwa, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Nilisimama. Nilikuwa najua dawa, najua kipimo, ningeweza kukiandika kwenye mtihani, lakini mikono yangu ilikuwa imening'inia tu. Amoit ndiye aliyemdunga adrenalini pajani, akamwinua miguu, akamfungulia maji ya mshipani, akaniita kwa sauti ya chini mpaka nikaamka. Mama Alinga yuko hai kwa ajili yake.

Alipotulia nilifungua kijitabu chake cha kliniki. Kilikuwa kitandani, kando ya mto wake, muda wote. Ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, zahanati ya ng'ambo ilikuwa imeandika asipewe penisilini. Nilikifunga. Nikachukua kalamu, na pale palipokuwa wazi nikaandika "Hakuna."

Kikao kilikuwa siku tatu baadaye. Daktari Okurut aliuliza ni nani aliyemuuliza mgonjwa. Nikasema, "Niliambiwa hakuna." Nilisema hivyo tu. Sikumtaja mtu. Lakini watu wote mezani waligeuka wakamtazama Amoit, kwa sababu yeye anajua Kiteso na mimi sikijui, na yeye ndiye huniulizia maswali kwa wagonjwa. Yeye alinitazama mimi. Alisema hakumbuki kuniambia neno kama hilo. Matroni akamuuliza, hukumbuki au hukusema? Akasema yeye aliniuliza na mimi nikamjibu. Matroni akanigeukia. Nikatazama faili.

Wamemwandikia barua ya onyo na kumpeleka stoo ya mashuka. Baada ya miaka kumi na tisa, anahesabu mashuka. Napita mlango ule kila siku nikienda maabara. Siku za kwanza alikuwa bado ananisalimia. Sasa hageuki.

Na Mama Alinga naye walimgombeza kabla hajatoka, kwamba mtu mzima anawezaje kunyamazia jambo kama hilo. Nilikuwa kitanda cha jirani. Nilisikia kila neno.

Sasa unajua uliyemzaa.

Brendah


Funyula
24 Machi 2025

Mwanangu,

Nimesoma peke yangu kama ulivyotaka, nyuma ya ghala.

Nyamaza. Hili nakuambia kama baba. Mgonjwa amepona. Umebakiza miezi tisa upate leseni yako. Ukisema sasa, hawatasema umekosea, watasema umedanganya, na neno hilo halitoki kwenye faili la mtu. Huyo sista ni mtu mzima, ana chama cha kumtetea, mwakani watamrudisha wodini. Wewe huna chochote ila jina.

Usiandike tena juu ya jambo hili. Barua huanguka mikononi mwa watu. Hiyo yako nimeichoma.

Baba yako


Funyula
26 Machi 2025

Mwanangu Nasambu,

Jana asubuhi nilikwenda mbio hadi kwa Phanuel kuichukua barua niliyompa juzi. Nikamkuta mkewe anafagia mlango. Alisema Phanuel ameondoka alfajiri, mzigo umewahi wiki hii. Nilisimama pale na viatu visivyofanana. Mkewe aliniuliza kama kuna msiba.

Usiku wa Jumatatu nilijaribu kukumbuka nyuso za manesi niliofanya nao kazi, na nilianza kuwaweka mmoja mmoja ndani ya ile stoo. Sikufika mbali. Nikamwamsha mama yako nikamwambia yote. Hakusema kitu kuhusu wewe. Aliniuliza, "Na wewe ukamwambiaje?" Nikavaa viatu gizani, nikangoja kupambazuke.

Kwa hiyo nakuandikia hii, ingawa itakufikia wiki moja nyuma ya ile nyingine. Ile niliandika nikiwa namwogopea binti yangu, na pia, nisikufiche, nikiwa naogopa kusimama tena kanisani watu wakijua. Miaka thelathini na mmoja nilijiona mtu mnyofu. Huenda sikuwahi kujaribiwa na kitu nilichokipenda.

Sikuamrishi lolote. Nimepoteza haki hiyo kwa barua moja. Lakini usifuate ile ya juzi.

Baba yako,
Methuselah


Malaba
28 Machi 2025

Kwa Sista Amoit,

Nimekuja mlangoni pa stoo mara mbili leo na mara zote mbili nikarudi. Kwa hiyo naandika, na nimemwomba Trizah wa mapokezi akupe mkononi.

Asubuhi hii nimempa Daktari Okurut barua, na nakala kwa matroni. Nimeandika kwamba uliniuliza kama nimemuuliza mgonjwa, nikakujibu nimeuliza, na ilikuwa uongo. Nimeandika kwamba neno "Hakuna" kwenye fomu nililiandika baada ya sindano, si kabla. Nimeandika kwamba wewe ndiwe uliyeokoa maisha ya Mama Alinga wakati mimi nimesimama.

Daktari Okurut aliisoma yote nikiwa mbele yake. Aliuliza swali moja tu: kwa nini leo. Nilimwambia kwamba Jumanne nilipata barua kutoka kwa mtu ninayemheshimu kuliko wote duniani, akinishauri ninyamaze, na nilipoisoma nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani yake. Niliona nimemwambukiza. Daktari alinionyesha mlango kwa mkono.

Siombi unisamehe. Nilitaka ujue kutoka kwangu kabla hujajua kutoka kwa matroni.

Brendah Nasambu


Malaba
9 Aprili 2025

Daktari Nasambu,

Nimekaa na barua yako siku kumi na mbili. Jana matroni alinirudishia funguo za kabati ya dawa, na barua ya onyo wameiondoa kwenye faili langu. Jumatatu naanza wodini.

Nitakueleza jambo moja, kwa sababu nadhani hulijui. Si mashuka yaliyoniumiza. Mashuka ni kazi. Wiki ya pili nikiwa kule nilianza kujiuliza kama kweli nilikuambia hakuna. Nilirudia asubuhi ile kichwani mpaka nikaanza kusikia sauti yangu ikisema. Mume wangu alisema labda ulichoka, ukasahau. Nikamwambia labda. Nilimaliza wiki nne nikiamini kwamba nusura niue mtu. Hilo ndilo nimeshindwa kulisamehe kwa sasa. Sisemi sitaweza. Nasema kwa sasa.

Nitafanya kazi na wewe. Ukiniuliza kitu cha mgonjwa nitakujibu, na kila nikuulizapo utaandika jibu mbele yangu.

Kuna mtu mwingine. Mama Alinga alikuja stoo mwezi uliopita, anachechemea, na karai la nyanya kichwani. Alikuwa amesikia sokoni kwamba nesi amefukuzwa wodini kwa ajili yake. Alipiga magoti kwenye saruji akaniomba msamaha kwa kutosema juu ya penisilini. Wakati huo nami nilikuwa siijui kweli yangu. Nilimwinua tu. Nyanya alizoniachia niliwapa majirani.

Barua yako ulimpa Daktari Okurut, ukampa matroni, ukanipa mimi. Yeye hujampa. Hajui kusoma. Nenda kwa miguu.

Sista M. Amoit


Malaba
21 Aprili 2025

Mpendwa Baba,

Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya kwanza Jumanne, ile ya pili wiki iliyofuata, nami nilikuwa nimeshasema. Usijitese. Ile ya kwanza ndiyo iliyonisukuma, ingawa si kwa njia uliyokusudia. Hata hivyo nilifurahi sana kuipata ya pili. Nilikaa nayo kitandani nikalia kama mtoto.

Nitarudia wodi ile miezi mitatu zaidi, na kisa kizima kimeandikwa kwenye ripoti yangu. Daktari Okurut alisema mbele ya wanagenzi wote kwamba nitabaki chini ya jicho lake, na amekuwa akifanya hivyo. Wanagenzi wenzangu wanapunguza sauti nikiingia chumba cha chai. Sista Amoit amerudi. Ananiita Daktari Nasambu hata tukiwa wawili. Namjibu vizuri na naandika kila kitu.

Juzi Jumamosi nilikwenda sokoni. Ilikuwa kabla ya Pasaka, kwa hiyo palijaa: malori yamesimama, watu wa ng'ambo wamevuka na ndizi na kuku, huwezi kupita bila kumkanyaga mtu. Nilikuwa nimevaa nguo za kawaida, lakini Mama Alinga alinijua kabla sijafika mezani pake. Alisimama haraka, akishika meza kwa ajili ya mguu, akafuta mikono kwenye leso. Akaanza yeye. Alisema kwa Kiswahili cha sokoni, "Daktari, mnisamehe. Sikuwaambia, nikamharibia sista kazi."

Baba, nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Yote yalitoka kichwani. Nilimwambia hakunyamaza. Nilimwambia hakuna mtu aliyemuuliza. Kumuuliza ilikuwa kazi yangu mimi na sikuifanya, kijitabu chake kilikuwa kando ya mto wake na sikukifungua, halafu nikasema uongo, na sista akaadhibiwa kwa uongo wangu. Nilimwambia sista amesharudi wodini.

Aliiweka leso mezani. Mteja mmoja alikuwa amenyoosha mfuko akingoja kupimiwa, akaurudisha taratibu. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Nilidhani pengine atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aligeuka akatazama meza za upande huu na upande ule, wanawake anaokaa nao kila siku, na hapo ndipo nilipotambua walivyokuwa wakimtazama miezi yote hii.

Akasema, "Sema tena. Hawa hawakusikia."

Nikasema tena. Kelele za malori zilikuwa nyingi, ikabidi nipaze sauti. Mwanamke wa vitunguu aliacha kufunga fungu lake. Aliyekuwa meza ya mwisho aliweka mkono sikioni, kama wewe, akauliza daktari anasema nini. Mama Alinga akanionyesha kwa kidevu nisogee kule.

Nikasogea, nikamwambia na yeye.

Binti yako,
Nasambu